Moyo wa Mwenye Kushika Mizani

Hotuba ya Kamati ya Elimu iliyosomwa mbele ya wajumbe wa vyama vya msingi, mjini Mpanda, katika sherehe ya Chama Kikuu ya kutimiza miaka kumi



Wenzetu waliotutangulia kusema wamekwisha kuwahesabieni kilo, maghala na madeni yaliyolipwa, nasi tumefurahi pamoja nanyi. Sisi wa Kamati ya Elimu tumepewa zamu ya kusema juu ya jambo lisilotiwa katika mizani, nalo ni ubaguzi mahali pa kazi, na jinsi mtu awezavyo kuushinda kwa akili ya moyo.

Neno hili la akili ya moyo huenda likawashangaza wengine. Wataalamu wawili wa Marekani, Peter Salovey na John Mayer, waliliandikia mwaka 1990, na mwaka 1995 mwandishi Daniel Goleman akalieneza duniani kwa kitabu chake. Maana yake si ngeni kwa wazee wetu. Ni mtu kukitambua kinachopita moyoni mwake kabla hakijamtawala, kukitambua kinachopita moyoni mwa mwenzake, na kuyatumia maarifa hayo mawili katika kutenda. Wafipa, Wabende, Wakonongo na Wapimbwe walikuwa na watu wa namna hiyo tangu zamani, nao ndio waliokuwa wakiitwa panapotokea ugomvi wa mipaka.

Tungeweza kuishia hapo, tukawashauri wote muwe wapole, tukaketi. Lakini ushauri wa namna hiyo tulikwisha kuutoa siku moja, na tulikosea. Twataka kuwasimulia kosa letu.

Misimu michache iliyopita, chama kimoja cha msingi katika umoja wetu kilimwajiri kijana awe karani wa mizani. Kijana huyo amezaliwa katika nchi hii. Wazazi wake walitoka Burundi mwaka 1972, walipokimbia mauaji ya kutisha ya mwaka ule. Nyote mwaijua habari ya wenzetu hawa. Makazi ya Katumba yalifunguliwa mwaka 1973, na ya Mishamo mwaka 1978. Walipewa msitu, wakaufyeka, wakalima mahindi, maharage, mihogo na tumbaku. Na wengi wetu tulioketi hapa tumeyala maharage hayo bila ya kuuliza yametoka mkononi mwa nani. Mwaka 2007 Serikali ya Tanzania iliwafungulia mlango wa kuomba uraia wale waliokuja mwaka 1972 pamoja na watoto wao. Mwaka 2010 watu zaidi ya 162,000 walikuwa wamekubaliwa. Hati zenyewe zilikawia, kwa sababu kwanza iliazimiwa wahamishwe na kutawanywa katika mikoa mingine, na ilipoachwa azma hiyo ndipo mwaka 2014 wakaanza kukabidhiwa. Kwa hiyo kijana yule, alipoketi mbele ya mizani, alikuwa raia kama wewe na sisi.

Siku ya soko la kwanza mzee mmoja aliiondoa mitumba yake juu ya mizani, akasema kwa sauti ya kusikika na wote kwamba hawezi kupimiwa tumbaku na mkimbizi. Watu wakacheka. Kijana alitueleza baadaye kwamba neno la mzee lilimchoma, lakini kicheko kile ndicho kilichomkosesha usingizi, maana neno lilitoka kwa mtu mmoja na kicheko kilitoka kwa chama kizima. Wako watakaosema ule ulikuwa utani tu. Utani una watani wake, na kila mtu katika mkoa huu anawajua watani wake ni nani. Ukimtania mtu asiye mtani wako, tena akiwa kazini, tena asiweze kukurudishia, hapo humtanii.

Wiki mbili zilipopita alikuja kwetu na barua ya kuacha kazi. Tukamkalisha kitako, tukamwambia, "Vumilia, kijana. Hasira hasara." Tuliona tumemfundisha akili ya moyo. Yeye akatujibu kwa adabu, "Wazee wangu, hasira ninayo, wala sikuja kuombewa dawa ya hasira. Nimekuja kuuliza kama chama kina mizani moja au mbili."

Hatukuwa na jibu. Twaijua methali ile kuwa ni ya kweli, lakini tumegundua kwamba mara nyingi husemwa na aliyekaa kivulini akimwambia aliye juani. Hatujapata kumsikia mtu akimwambia mwenyekiti wa soko "hasira hasara".

Alituachia barua yake mezani, ila alituomba tusiipokee mpaka soko la pili lipite. Na katika soko hilo la pili alifanya jambo ambalo sisi, pamoja na semina zetu zote, hatukumfundisha. Yule mzee alipofika alimwamkia, "Shikamoo, mzee wangu," akangoja aitikiwe. Kisha akamwomba asome mwenyewe tarakimu za mizani kwa sauti kabla hazijaandikwa kitabuni. Mzee akasita. Kijana akatambua mara moja kwamba mzee hakuwa akiziona zile tarakimu, akamwita mjukuu wake wa kike aliyekuja naye, mwanafunzi wa shule ya msingi, azisome yeye. Mtoto akasoma, karani akaandika, mzee akaangalia kalamu mpaka ikaacha kwenda.

Mambo yalidhihirika baadaye katika mazungumzo. Mzee yule alikuwa amekwisha kupunjwa kilo msimu uliotangulia, na karani mtu wa kijiji chake mwenyewe, tena jamaa. Tangu hapo aliiogopa mizani. Hakuweza kusema mbele za watu kwamba anaogopa, wala kwamba macho yake yamefifia. Kwa hiyo aliivika hofu yake neno lililokuwa karibu na mdomo, neno "mkimbizi". Kijana alilisikia tusi, na nyuma ya tusi akaisikia hofu. Aliijibu hofu. Toka siku hiyo kila mwanachama pale husoma au husomewa uzito wake kabla haujaandikwa, na desturi hiyo imekwisha kuenea katika vyama vyetu vingine.

Habari ingeishia hapo ingekuwa tamu, lakini haikuishia hapo. Alikuwako mjumbe mmoja wa halmashauri ya chama kile, ambaye hofu haikumhusu kabisa. Yeye alimtaka mpwa wake apewe kiti cha karani, akaendelea kuwachochea watu. Kwa mtu wa namna hii upole wa kijana ulikuwa nafasi tu ya kumwonea zaidi. Kumsoma moyo ilikuwa rahisi. Alisomeka kama bango. Lakini kumsoma hakukumbadilisha. Ndipo kijana akatuonyesha daftari lake dogo. Tangu soko la kwanza alikuwa ameandika tarehe, neno lililosemwa, aliyelisema na waliokuwapo. Tena katika daftari lile tulikuta jambo lililotuaibisha sisi wenyewe: msimu wa pili ulikuwa umeanza, na yeye alikuwa bado kibarua asiye na mkataba, hali mwenzake aliyeajiriwa baada yake, kwa kazi ile ile, alikwisha kupewa mkataba wenye mshahara mkubwa kuliko wake. Hakuna mtu aliyetoa amri hiyo. Karatasi ilikawia, ikakawia tena, na kila aliyeulizwa alisema jambo linashughulikiwa.

Basi twajifunza kwamba dharau zina mizizi tofauti. Iko inayotoka katika hofu, na hiyo yaweza kutibiwa na mtu mwenye moyo wa kusikiliza. Iko inayotoka katika faida, na hiyo haitibiwi kwa kusikilizwa. Hutibiwa kwa kanuni, kwa maandishi na kwa kura. Akili ya moyo ni pamoja na kujua unayokabiliana nayo ni ipi, usije ukampa dawa ya hofu mtu anayeumwa na tamaa.

Ndugu Wanachama, jambo la mshahara lilitukumbusha historia ambayo vijana wetu wengi hawaijui. Katika utumishi wa serikali za kikoloni za Afrika ya Mashariki, mshahara uliendana na rangi. Tume ya Holmes, ya mwaka 1947 na 1948, iliikubali kanuni ya tatu kwa tano, yaani asiye Mzungu alipwe sehemu tatu katika tano za mshahara wa Mzungu kwa kazi iliyo sawa. Kanuni hiyo ilidumu mpaka Tume ya Lidbury ya mwaka 1954 iliposhauri mishahara isiyofuata rangi. Fikirini juu ya karani Mwafrika wa siku zile, ambaye kila mwisho wa mwezi hati ya mshahara ilimwambia yeye ni mtu nusu na kidogo zaidi.

Watu wale walifanyaje? Mwaka 1922, mjini Tanga, Martin Kayamba na makarani wenzake waliunda chama cha watumishi wa Serikali Waafrika, Wakristo na Waislamu pamoja. Kayamba alikuwa mtu wa taratibu na heshima, kiasi kwamba vijana wa leo wangeweza kumwona mnyenyekevu mno. Mwaka 1931 alikwenda London pamoja na wenzake, akatoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge la Uingereza juu ya mpango wa kuziunganisha nchi za Afrika ya Mashariki. Hakufika pale kwa kelele, wala hakufika kwa kunyamaza. Upole wake ulikuwa na chama nyuma yake, na huo ndio upole unaohesabiwa.

Na ushirika wetu wenyewe umezaliwa wapi, kama si katika kubaguliwa? Mwaka 1925 wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro walijiunga katika chama chao, wakati walowezi wengi hawakutaka Mwafrika alime zao hilo. Usukumani, wakulima wa pamba walichoshwa na mizani ya wanunuzi, wakaweka wapimaji wao wenyewe wa kuikagua, na kutokana na juhudi hizo, Paul Bomani akiwa miongoni mwa viongozi wao, likasimama Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria mwaka 1955. Wasukuma waliohamia kwetu na pamba yao wanaikumbuka habari hii kwa wazazi wao. Basi tulianza kwa kulia juu ya mizani ya mtu mwingine. Leo mizani ni yetu. Ajabu ni hii, kwamba tulipoishika tulidhani dhambi ya mizani ilikuwa katika mkono wa mgeni, kumbe ilikuwa katika mkono wowote usioangaliwa.

Tumesema kwamba hasira si adui. Pana mfano ambao Watanzania wote wanapaswa kuujua. Mwezi Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, Bunge la Tanganyika lilijadili sheria ya uraia. Wako wabunge waliotaka uraia uwe wa Waafrika peke yao. Julius Nyerere, aliyekuwa Waziri Mkuu, alisimama akazungumza kwa hasira iliyo wazi, akaukataa ubaguzi ule kana kwamba ulielekezwa kwake yeye. Huyo ni mtu aliyesifiwa maisha yake yote kwa utulivu! Lakini alijua ni lini utulivu unakuwa woga. Mwezi Januari 1964 alitoa waraka wa kukomesha upendeleo wa rangi baina ya raia katika kuajiriwa na kupandishwa vyeo serikalini. Uamuzi huo haukuwafurahisha wote, hasa vyama vya wafanyakazi. Tena tarehe 20 ya mwezi ule ule askari wa kambi ya Colito waliasi wakidai mishahara zaidi na kuondolewa kwa maofisa wa Kiingereza. Kwa hiyo asifikiri mtu kwamba kutenda haki kazini kunashangiliwa siku ile ile. Mara nyingi kwanza hulipiwa.

Tutoke katika mambo makubwa turudi kwenye soko letu. Msidhani tunasema juu ya wenzetu wa Katumba na Mishamo peke yao. Wanawake wanatusikiliza hapa, na wao wanajua ni nani anayefunga majani ya tumbaku usiku, anayechochea moto wa bani alfajiri, na ni jina la nani lililo katika kitabu cha chama. Tumewaona akina mama wakija ofisini kuuliza juu ya malipo ya mtumba walioulima wenyewe, wakaambiwa wamlete baba. Yupo pia kijana aliyeomba kazi ya ulinzi wa ghala, mguu wake mmoja una kilema. Alijibiwa kabla hajamaliza kuamkia. Hatukupata habari hizi kwa kusoma mioyo. Tuliuliza, na watu wakasema. Huenda wangesema miaka tisa iliyopita kama tungeuliza wakati huo.

Sheria, Ndugu zetu, iko. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza ubaguzi kwa sababu ya rangi, utaifa, kabila au mahali mtu alipotoka, dini, jinsia, ujauzito, ulemavu, umri na mengineyo. Sheria hiyo inasema pia kwamba mfanyakazi akiisha kuonyesha dalili za kutosha za kubaguliwa, ni juu ya mwajiri kuthibitisha kuwa hakubagua. Mwaona sasa daftari la kijana lilikuwa na thamani gani. Mfanyakazi aweza kulipeleka shauri lake mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Mwanachama ambaye si mwajiriwa ana njia yake ndani ya chama, na zaidi ya hapo kwa Mrajis. Na kanuni za ushirika zilizotangazwa kwa dunia nzima mwaka 1995 zinataka uanachama uwe wazi bila ubaguzi wa jinsia, tabaka, rangi, siasa au dini. Twawatajia haya kwa ufupi kwa sababu yamechapwa na yanasomeka. Kazi ngumu ni ile ya kabla ya sheria, ya meza na kiti na macho.

Kwa maana hiyo twaomba wasemwe hasa wenye vyeo. Kila semina tuliyofanya katika miaka hii kumi ilimfundisha anayedharauliwa namna ya kujizuia. Hatukumbuki hata moja iliyomfundisha mwenye ufunguo wa ghala namna ya kuutambua uso wa mtu anayeona aibu. Tulikuwa tukilichimba shamba lisilo na magugu. Katibu anapoita majina, anaanza na nani? Anapomweleza mwanachama kwamba tumbaku yake imeteuliwa daraja la chini, je, anamwangalia, au anaiangalia simu? Mtu huyo amechoma kuni, amekesha, ana deni la pembejeo, na habari unayompa kwa maneno matatu itamfikia mkewe na watoto wake jioni. Akipandisha sauti, usimwandike kuwa ni mkorofi kabla ya kumwuliza swali moja zaidi. Makarani wetu watasema kazi ni nyingi na foleni ni ndefu. Ni kweli, na sisi tuliowahi kuketi kwenye meza ile twaijua foleni. Lakini swali moja zaidi halichukui muda mrefu kuliko ugomvi.

Sasa mtatuuliza yaliishaje. Kijana alipewa mkataba wake, na tofauti ya mshahara ikalipwa nyuma, baada ya kikao ambacho kilikuwa kirefu na hakikuwa cha kupendeza. Baadhi yetu tuliketi katika kikao hicho tukitazama chini. Mjumbe yule aliambiwa maneno yake yasomwe kutoka katika daftari, moja baada ya jingine, pamoja na tarehe, naye hakukana. Hakufukuzwa, alishindwa katika kura za uchaguzi uliofuata, na leo analeta tumbaku yake sokoni kama mwanachama mwingine. Kijana humpimia. Hawapendani, wala hatukuwadai wapendane. Mjumbe husoma uzito wake kwa sauti kama watu wote, karani huandika, kila mtu huenda zake. Yule mzee wa soko la kwanza alifariki mwaka jana, na mjukuu wake aliyesoma tarakimu sasa yumo sekondari.

Barua ya kuacha kazi tunayo bado katika jalada la Kamati. Kijana alituomba tumrudishie, nasi tukamwomba atuachie, akakubali kwa sharti moja, kwamba kila chama cha msingi kiwe na daftari la malalamiko juu ya meza ya soko, lenye kurasa zilizotiwa namba ili zisichanwe, na kwamba Kamati ya Elimu ilisome kila mwezi mbele ya halmashauri bila kuficha jina la ofisa. Madaftari hayo yamekwisha kuchapwa. Yamo katika masanduku yale mawili kando ya mlango, na makatibu wanaombwa wasiondoke bila ya kuyatilia sahihi. Karatasi ya kwanza katika kila daftari tumeiacha tupu kwa ajili ya malalamiko juu yetu sisi.